Nani Anailisha Mashine?

Nilipotoka shule siku ile, kabla hata ya kuvua viatu, niliweka kiganja juu ya laptop kama mtu anayempima mtoto homa. Ilikuwa moto. Si moto wa Garissa. Huo naujua, unakalia kila kitu sawasawa, kuanzia kiti hadi sabuni. Huu ulikuwa moto wa tumboni. Punda uliyemwacha amelala kivulini hawezi kukupokea akitokwa na jasho, ila kama kuna mtu amempanda ulipogeuza mgongo.

Nikaifungua. Ikaniambia nafasi imekwisha.

Jana yake tu nilikuwa nimeifanyia usafi wa Idi. Nilifuta nyimbo. Nilifuta picha za wasichana wa darasa letu tukiwa tumejichora masharubu kwa kalamu. Nilifuta mchezo wa magari niliokuwa nikiupenda kuliko baadhi ya jamaa zangu, kisha nikamwaga na pipa la taka lenyewe. Nafasi ikapatikana, ya kutosha kuchunga ngamia. Na sasa imejaa tena, na mimi mchana kutwa nilikuwa darasani nikipigana na hesabu. Kwa hivyo kuna mtu nyumbani kwetu alikuwa anailisha.

Mwalimu wetu wa Kiswahili anasisitiza tuiite kipakatalishi. Nyumbani inaitwa mashine, basi. Ilikuwa ya kaka yangu anayesoma chuo Nairobi. Alipopata mpya akatuachia hii, ambayo skrini yake ni ya kugusa na betri yake ni ya kuombea dua. Hooyo, yaani mama yangu, aliipokea kwa masharti mawili. La kwanza, mashine haiingii chumba cha kulala. Inakaa sebuleni, juu ya meza ndogo, mbele za watu. La pili, hakuna neno la siri. “Anayefunga mlango ana la kuficha,” alisema. Matokeo yake ni kwamba kila mtu aliyeingia kwetu, hata aliyekuja kuomba maji, angeweza kuwa mshukiwa.

Niseme pia kwamba nyumbani tunaongea Kisomali. Maneno yote ya watu wangu hapa nimeyatafsiri mimi, na palipozidi chumvi msinilaumu. Suala la chumvi mtalisikia.

“Umeijaza filamu,” hooyo alisema kutoka jikoni. Hakuja hata kutazama.

“Hooyo, nimefuta kila kitu. Hata magari.”

“Basi umejaza zingine.”

Abti alikuwepo. Abti ni mjomba wangu, kaka yake hooyo, dalali kwenye soko la mifugo, na popote chai inapochemka yeye huwa amefika kabla ya sukari. Akitaka kuonekana mtu wa ofisi huhamia Kiswahili, hata kama sote tuliopo ni ukoo wake.

“Hii kitu bana imejaa filamu ya Hindi,” alisema. “Wewe leta kwangu. Mimi naweka bicha ya mbuzi. Mbuzi inalipa, filamu hailipi.”

Hooyo akatoka jikoni na mwiko mkononi, na ule mwiko ukishatoka jikoni huwa ni nyundo ya hakimu. Akaamua: Ijumaa baada ya Asiri, abti atakuja. Akikuta mashine ina nafasi, itabaki. Akikuta imejaa, ataondoka nayo, kwa sababu hatuwezi kufuga kitu cha haramu sebuleni huku mtu mzima ana biashara halali.

“Na mradi wangu?” niliuliza.

Niko kidato cha nne. Mradi wangu wa somo la kompyuta ni mfumo wa kuazimisha vitabu vya maktaba ya shule, maktaba ambayo kusema kweli anayeazima sana ni mchwa. Unatakiwa kukabidhiwa Jumatatu, na kila nilipojaribu kuuhifadhi, mashine ilikataa kama mtoto aliyefunga mdomo mbele ya kijiko cha dawa. Bila mradi hakuna alama. Na shuleni kompyuta zinazofanya kazi zina foleni ndefu kuliko ya maji.

“Utauandika kwa mkono,” hooyo alisema.

“Ni mradi wa kompyuta, hooyo.”

“Mkono ni wa Mungu. Kompyuta ni ya Wachina.”

Hukumu ikapita hivyo. Mimi nikawa mpelelezi.

Mshukiwa wa kwanza hakuhitaji kutafutwa. Kwa sheria za upelelezi nilizojitungia mwenyewe, anayefaidika ndiye mwizi, na abti angefaidika hadi siku ya kiyama. Tena alikuwa na folda yake humo. Mteja wa mbali hanunui mbuzi kwa maneno siku hizi. Anataka kumwona akigeuzwa, akifunguliwa mdomo, akihesabiwa meno, akitembezwa, na alama ya ukoo ionekane vizuri kwenye shingo. Abti hupiga hizo picha kwa simu, simu ikijaa anazihamishia kwetu. Nikaingia kwenye folda yake nikiwa na uhakika. Niliona meno mengi kuliko daktari wa meno. Nilimwona ngamia mmoja anayefanana kabisa na naibu wa mwalimu mkuu, na huyo nimemhifadhi. Lakini nilipojumlisha ukubwa, mifugo yote ya abti haikujaza hata kona. Nikasikitika. Ni vibaya sana kumshuku mtu kwa moyo wako wote kisha akatokea hana hatia.

Siku iliyofuata nilirudi shule nikakuta mashine imefungwa na ni moto tena. Safari hii niliinamisha pua. Ilinuka uunsi, ule ubani wa nyumbani. Nani anafukiza uunsi kila siku? Hooyo. Nani alitaka mashine iende kwa kaka yake? Hooyo. Damu ikanichemka, kisha nikajituliza, maana mtu akitaka kumhoji mama yake lazima awe na adabu na njia ya kukimbilia.

Nikamkuta jikoni anamwaga maji ya baasto, zile tambi zetu.

“Hooyo, leo umeigusa mashine?”

“Nimeifunga. Umeiacha wazi, vumbi linaingia.”

“Sikuiacha wazi. Niliifunga asubuhi.”

“Basi ilijifungua yenyewe.” Akaniangalia kupitia mvuke. “Kwa nini unaniuliza?”

“Nauliza tu.”

“Mtu haulizi tu.”

Tukasimama pale tunashukiana juu ya sufuria. Yeye aliona mtoto anayeandaa uongo. Mimi niliona mama anayemfanyia kampeni kaka yake. Nikabeba sahani.

Nilimpigia kaka yangu. Akaniambia niingie kwenye mipangilio, niende sehemu ya hifadhi, mashine yenyewe itasema inakula nini. Nikaingia. Ikanichorea mistari: programu mstari mfupi, nyaraka kama ukucha, halafu mstari mmoja mnene umefurika kama Tana wakati wa mvua. Picha na video.

“Si nilikuambia,” kaka yangu alisema. “Filamu zako.”

“Folda yangu ya video ni tupu. Haina hata inzi.”

“Wewe nakujua,” alisema, akakata. Hata Nairobi walikuwa wameshanihukumu.

Basi nikaamua kufanya kazi kama wahenga wangu. Watu wetu ngamia akiibiwa hawaiti mkutano. Wanainama chini. Wanatafuta wayo, wanajua huyu alipita asubuhi, huyu anachechemea, huyu amebeba mzigo upande wa kushoto. Ayeyo, mama yake baba yangu anayeishi nasi, husema kwamba kule kwao Takaba alikuwepo mzee aliyeweza kuutambua wayo wa ngamia wake katikati ya nyayo za kundi zima. Mimi sina mchanga sebuleni, lakini nina vumbi, na vumbi la Garissa halinunuliwi. Asubuhi ya Alhamisi niliifungua mashine, nikaiwasha, nikafungua dirisha upande wa barabara, nikapangusa skrini ikang'aa, kisha nikaifunga na kuondoka. Mwenye kuigusa angeacha kidole chake juu ya skrini safi, na vumbi lingekuja lenyewe kukipaka rangi.

Jioni niliikuta imefungwa na ni moto kama kawaida. Nikaifungua na kuishika upande upande kwenye mwanga. Na hapo ndipo nilipoziona nyayo za mwizi wangu: alama mbili za kidole, za mafuta, za samli kabisa, zimekamata vumbi vizuri. Moja ilikuwa chini ya skrini, juu ya kile kipicha kidogo cha kamera. Nyingine ilikuwa upande wa kulia, katikati. Basi, hakuna ya tatu.

Nikaweka kidole changu juu ya alama ya kwanza. Kamera ikafunguka, nikajiona mwenyewe, kilemba upande, macho ya mchawi. Nikatazama alama ya pili imeangukia wapi. Ilikuwa juu ya kile kiduara cha kuanza kurekodi video. Mtu huyu alijua kuanza. Hakujua kumaliza.

Kamera ina folda yake, imejificha ndani ya folda ya picha, mahali ambapo sikuwahi kuchungulia kwa sababu picha zangu naziweka kwingine. Nikaingia. Zilikuwa humo zimelala kama mamba kwenye ukingo, video moja moja, kila moja ya saa nyingi.

Nikafungua ya karibuni. Kwanza ulionekana mdomo mkubwa na kipande cha shuka, kisha sura ikarudi nyuma kidogo. Ayeyo.

Nilikuwa nimemshuku abti, nikamshuku hooyo, nikamshuku na jirani anayekuja kuazima pasi. Ayeyo hata hakuwa kwenye hesabu. Ayeyo hukaa kwenye mkeka wake na tasbihi, macho nusu, na televisheni ikiwashwa hujifunika uso kwa sababu mtangazaji anamtazama sana.

Kwenye video aliitazama kamera bila aibu. Akamsalimu dada yake mdogo, aliyeko kule Takaba, akamuuliza habari za mvua, za watoto, za ngamia. Akaeleza habari za goti lake kwa kirefu. Akasema, kwa sauti ileile ya habari za goti, kwamba mke wa mwanawe ni mtu mwema ila anatia chumvi kama mtu anayekausha nyama ya safari. Halafu akainyoosha shingo, akasema neno moja, “ova,” akanyamaza.

Na akakaa. Akaitazama kamera, tasbihi inatembea. Baadaye akainuka akaenda zake, kikabaki kiti. Nikasogeza mbele: kiti. Mbele tena: kiti. Akarudi, akachungulia, akasema, “Bado?”, akaondoka. Hooyo akapita na chetezo cha uunsi, moshi ukaingia mpaka kwenye kamera. Mwishoni ukaja mkono wa hooyo, ukafunga mashine.

Nikafungua nyingine, ya Jumamosi. Goti, mvua, “ova,” kiti. Kisha akaingia abti, akaangalia huku na huku, akachota tende za ayeyo kutoka kwenye bakuli na kuzitia mfukoni. Kisha nikaingia mimi. Nilikuwa namwonyesha mtu aliyeko nje ya picha jinsi ayeyo anavyotembea, mkono kiunoni, nakohoa kikohozi chake kile cha kuamsha watu kwa swala. Niliigiza vizuri sana, lazima niseme. Lakini nilianza kuelewa shida yangu. Ushahidi wa kuniokoa nilikuwa nao, ila haungeweza kuonyeshwa sebuleni bila kila mtu kwenye familia kupatikana na kosa.

Nikaibeba mashine na kwenda mkekani.

“Ayeyo, hii unaitumia?”

Tasbihi ikasimama. “Nani kasema?”

“Kidole chako.”

Akakitazama kidole chake kama shahidi aliyemsaliti. Kisha akaniambia, polepole, huku akinichungulia kuona kama nitacheka. Kaka yangu alipokuwa hapa likizo, alibonyeza pale na pale, akamwambia aongee na dada yake. Akaongea. Muda si mrefu dada yake akatokea mlemle ndani, akajibu. Sasa yeye anabonyeza palepale, anaongea vilevile, na dada yake hajibu.

“Ni kama taar,” alisema.

Taar ilikuwa redio ya kuitana ya zamani, kabla ya simu. Ulikwenda kwa mwenye redio, ukaitiwa mtu wako wa mbali, ukasema yote uliyo nayo, ukamaliza kwa kusema “ova,” ndipo ukanyamaza. Ukinyamaza, zamu ni yake. Kuondoka kabla hajajibu ni kumkatia ndugu yako maneno mdomoni. Kwa hivyo ayeyo alikuwa anaiacha mashine wazi ili dada yake apate zamu, na mashine ilikuwa inakirekodi kile kiti kwa uaminifu mpaka tumbo lipasuke.

“Amekasirika,” ayeyo alisema. “Ni juu ya yule ngamia jike wa ubishi wetu wa zamani. Nilisema alipewa mzee. Hakupewa mzee. Sasa ananisikia na ananyamaza makusudi.”

“Hakusikii, ayeyo. Maneno yako hayakutoka humu. Kaka alikuwa anayatuma kwa simu.”

Akanikazia macho. “Kwa hivyo nani ameyasikia?”

“Mimi.”

“Yote?”

“Goti. Mvua.”

“Na?”

“Na chumvi.”

Tukatazamana. Nje mbuzi wa jirani alikuwa anatafuna katoni.

“Na mimi nimeona unavyotembea,” ayeyo akasema.

Sijui alikuwa ameona lini. Sikuuliza. Wawili wenye mizigo hawapekuliani. Nikamwambia nitampelekea dada yake maneno, ila lazima nifute yale masaa ya kiti. Akakataa kuondoka wakati nafuta. Alikaa ubavuni pangu, akifuata kila ninachobonyeza.

“Yanaenda wapi?”

“Pipani.”

“Unatupa maneno yangu pipani?”

“Natupa kiti, ayeyo. Kiti kitupu. Maneno nimeyakata nikayaweka pembeni.”

“Acha kidogo mwishoni. Asije akadhani sikumpa zamu.”

Nikaacha kidogo. Mstari mnene kwenye hifadhi ukanywea kama mto wa kiangazi. Nikahifadhi mradi wangu, maktaba na mchwa wake wote.

Ijumaa baada ya Asiri abti alikuja na mfuko. Mfuko kabisa, wa kitambaa, mpya. Hooyo akaleta chai na mahakama ikakaa. Nikaifungua mashine, nikaonyesha mistari: nafasi tele.

Abti akaisogelea, akainusa kwa macho. “Leo iko hivyo,” alisema. “Jana ilikuwa imejaa. Kesho itajaa. Huyu amefuta kwa sababu mimi nakuja.”

Hooyo akaona ni hoja nzuri. Nilimwona akiona. “Zilikuwa nini ulizofuta?” akaniuliza. “Kama si filamu, sema zilikuwa nini.”

Nilikuwa nimebakiza vile vipande vilivyokatwa, na kidole changu kilikuwa karibu navyo kabisa. Mguso mmoja tu, na ningekuwa huru, na hooyo angejua maoni ya mama mkwe wake kuhusu upishi. Nikamtazama ayeyo. Ayeyo alikuwa anatazama chai yake. Nikatazama bakuli la tende.

“Zilikuwa video za nyumbani,” nilisema.

“Nyumbani wapi?” abti akacheka. “Nani anarekodi nyumba?”

“Mashine ni yangu,” ayeyo akasema.

Hakuinua sauti. Alipuliza chai, akanywa.

“Naitumia kuongea na dada yangu. Huyu mtoto ananisaidia. Ukitaka kuichukua, nichukue na mimi, nikae kwako.” Akamtazama abti, akasogeza bakuli upande wake. “Chukua tende. Leo huna haja ya kuangalia huku na huku.”

Abti alifungua mdomo kama mbuzi wake mmoja wakati wa kuhesabiwa meno. Hooyo akamtazama yeye, akamtazama ayeyo, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu, maana alijua kuna kitu chini ya mkeka ila hakujua akivute upande gani. Mfuko ukarudi mtupu. Jumatatu nikakabidhi mradi.

Nilimtumia kaka yangu vile vipande avipeleke kwa mtoto wa dada yake ayeyo, mwenye duka kule Takaba. Jibu lilichelewa, kwa sababu bibi mwenyewe alikuwa ameenda na ngamia mahali ambapo simu ni kioo tu. Lilipofika, ayeyo alitaka alione kwenye mashine, si kwenye simu, kwa hiyo nikaliweka sebuleni na kuongeza sauti hadi mwisho kwa sababu ya masikio yake.

Dada yake ayeyo alijaza skrini yote. Alisema ngamia jike ni kweli hakupewa mzee, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa akishuku, maana ayeyo amekaa kimya tangu likizo, akadhani wamekosana. Akaombea goti. Akataja mvua. Hooyo alikuwa ameingia na sinia, akasimama nyuma yetu kusikiliza, anatabasamu. Nilianza kukumbuka kitu. Nikanyoosha mkono kupunguza sauti, nikachelewa.

“Na mwambie mke wa mwanao apunguze chumvi,” bibi wa Takaba akasema kwa sauti ya mtu anayeita ngamia ng'ambo ya bonde. “Anakuua. Ova.”

Halafu akanyamaza, akatutazama. Akatutazama wote watatu, hakupepesa macho, akingoja zamu yetu, mpaka mwanawe alipokata video.

Hooyo hakumtazama ayeyo. Alinitazama mimi.

Siku iliyofuata mchana wali ulikuja bila chumvi hata chembe. Mchuzi bila chumvi. Hata abti, aliyekuja kwa bahati mbaya, alitafuna akateremsha kwa chai. Ayeyo alikula wake wote, akanawa, akasema alhamdulillahi. Kisha akaniambia nimletee mashine.